Mtunzi Aliyeazima Pegi Zangu

Mtu akikuambia ameishi miaka mingi ua kwa ua na mtunzi wa muziki kutoka Ufaransa, usimwonee wivu kabla hujamwuliza kuhusu pegi zake za nguo. Mimi nilikuwa na dazeni tatu. Leo ninazo nne, na mbili kati ya hizo hazishiki hata soksi. Nyingine zilivuka ua wa miiba ya kayaba mojamoja, kwa maombi ya adabu sana, na hazikurudi.

"Jirani, naomba pegi mbili tu."

"Mzee, za juzi ziko wapi?"

"Ziko kazini."

Kweli zilikuwa kazini. Sebuleni kwake kulikuwa na kamba tano, ukuta hadi ukuta, na kwenye kamba hizo alikuwa ameanika muziki. Karatasi kubwa zenye mistari, zimejaa vichwa vyeusi vya noti, zikining'inia kwa pegi zangu. Hakutunga akiwa ameketi. Alipita katikati ya zile kamba, penseli juu ya sikio, akiinama hapa, akifuta pale, vile mama anavyokagua sare za shule Jumapili jioni kuona zimekauka au bado. Siku moja mabati yalivuja, akazihamisha karatasi mbiombio, na baadaye akagundua ukurasa wa saba umetangulia wa tatu. Akausoma hivyo hivyo. Akasema mvua imemsaidia, akaziacha hivyo.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nakuru mjini naenda mara mbili kwa mwaka, mara moja ikiwa ni kwa daktari wa meno, na nikirudi nalala siku nzima kana kwamba nimetoka Mombasa kwa miguu. Hapa Kariandusi, kwenye mteremko unaotazama Ziwa Elmenteita, nina kuku, cherehani na kiti. Kuhusu muziki, nilisoma hadi kidato cha nne nikapata D, na mwalimu alisema hata hiyo D ni ya huruma. Kwa hivyo msinisome kama mtaalamu. Nisomeni kama mtu aliyekuwa nyumbani kila wakati yule mzee alipohitaji mtu wa kumwuliza, "Jirani, hiyo umesikia?"

Kwa sababu huo ndio uliokuwa wimbo wake wa kila siku. Ukimwambia kazi yake ni nzuri, alikunja uso. "Usiniambie ni nzuri. Niambie umesikia nini." Alinionyesha kwenye simu ukumbi mkubwa wa kwao, watu wamevaa nguo nyeusi kama wako matangani, wakipiga kitu alichokuwa amekiandika hapa, kwa pegi zangu. Nikasikiliza hadi mwisho, nikiwa nimekaza shingo.

"Haya, umesikia nini?"

"Mzee, nimesikia mtu ameangusha duka zima la vyombo. Lakini mtu mwenye adabu. Anaomba msamaha kila sufuria ikianguka."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia Paris kuna watu wanaolipwa kuandika kuhusu muziki wake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuzisikia zile pole za sufuria. Tangu hapo nilijivuna. Kila alipomaliza ukurasa alinipigia piano yake pale dirishani, nami nilitoa hukumu kutoka upande wangu wa kayaba huku nikitia uzi kwenye sindano. "Hiyo ni punda amekataa kupanda." "Hiyo ni watu wawili wanagombania kiti." Alikuwa anaandika majibu yangu pembeni mwa karatasi. Mimi, na D yangu.

Alikuwa na sheria moja: hakuandika sauti ambayo hakuwahi kuisikia. "Siandiki nisichokisikia," alisema, na alisema hivyo kwa ukali, mtu angedhani ni amri ya kumi na moja. Ndiyo maana alikuja kukaa huku, na ndiyo maana tulimwona akifanya mambo ambayo mwanzoni yalitufanya tuwaonye watoto. Alisimama nusu saa karibu na mashine ya posho, macho yamefungwa. Alilala kifudifudi kwenye udongo mweupe wa mgodi ulio hapa jirani kusikiliza matingatinga, akarudi mweupe zaidi ya alivyokwenda, jambo ambalo hatukudhani linawezekana.

Na masikio yake! Siku moja alimwambia mwenye mashine ya posho, "Boss, mkanda wako utakatika." Yule akamjibu, "Mzee, wewe piga piano, mimi nisage unga." Kesho yake ulikatika, unga ukamwagika, na kuanzia wiki hiyo mwenye mashine akawa anamleta kila mwezi kuisikiliza, kama daktari. Cherehani yangu ilipokauka mafuta alinipigia kelele kutoka kwake kabla mimi niliyekuwa juu yake sijajua. Aliwajua punda wa barabarani kwa kwato. "Huyo ni yule wa mama wa maji, leo amebeba mitungi minne, si sita." Ukitoka nje ukahesabu, mitungi minne.

Lakini asiwe malaika katika maandishi yangu, maana atanicheka akiyasoma. Alipenda kimya, na akiongea na watu wa kwao kwenye simu ungemsikia kutoka barabara kuu. Alisema haamini Mungu, na hakukosa zoezi la kwaya ila moja tu. Mtu wa besi asipokuja, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuuliza kama amekuwa mgonjwa. Alidharau kile kinanda cha kanisa chenye midundo ya kubonyeza, akakiita mashine ya kusaga nyimbo. Katika mchezo wa drafti alikuwa mwizi. Alifundisha watu kusikiliza, na daktari alipomwambia apumzishe masikio hakumsikiliza.

Hapo ndipo kazi ilipoanza kuwa na haraka. Alikuja kwenye ua asubuhi moja, hakuomba pegi.

"Jirani, ndege wadogo wameniacha."

"Wamehama?"

"Hapana. Wako hapo juu ya mti wako, midomo inafunguka. Mimi ndiye nimehama."

Daktari wa Nakuru alikuwa amemwambia masikio yote mawili yanafunga, sauti nyembamba zikitangulia, nzito zikifuata, na hakuna dawa ya kuyarudisha. Akaniambia ana wimbo mmoja aliobakiwa nao. Watu wa Paris walikuwa wameuomba, lakini hautaimbwa kule kwanza. Utaimbwa hapa, na kwaya yetu, na anataka kitu kimoja tu katika maisha yake ya kazi yaliyobaki: ausikie wote, mwanzo hadi mwisho, mara moja, kabla mlango haujafungwa.

Wimbo wenyewe nisipousema mimi atausema nani, kwa sababu ulitoka kwenye koo langu. Dada yangu ana duka upande wa pili wa bonde dogo. Kila akitoka kwangu jioni, mimi, kwa vile siwezi kumsindikiza zaidi ya lango, nangoja kidogo kisha napaza sauti: "Umefikaaa?" Kisha natulia. Upepo unapita, mbuzi wa mtu analia, na baada ya muda mrefu sauti inarudi kutoka ng'ambo: "Nimefikaaa!" Wanawake wote wa mteremko huu huitana hivyo. Simu tunazo, lakini simu huisha chaji, koo haliishi.

Mtunzi alikuwa akisikia hilo kila jioni kwa miaka. Ndilo alilolitungia kwaya: sauti zinauliza, zinapandana, zinaulizana kutoka pande zote, "Umefika? Umefika?" Halafu zinakatika ghafla. Kunakuwa kimya. Kimya cha mapigo arobaini, tena ya polepole. Ndipo mwanamke mmoja anajibu, na wimbo unaisha.

"Mzee, arobaini si nyingi?"

"Nimekupima. Dada yako akibeba mzigo ni arobaini. Na katika hizo arobaini, jirani, wewe huwa huvuti pumzi. Hapo ndipo muziki wangu ulipo. Huko kwingine ni kufika tu mpaka hapo."

Kwaya yetu husoma solfa, zile herufi za do-re-mi, haisomi zile noti za vichwa. Mtunzi alikataa mwezi mmoja, kisha akajifunza solfa mwezi wa pili, na mtu wa kuiandika kwenye karatasi ya manila kwa kalamu ya felti alikuwa mimi, kwa sababu nina mwandiko na sina safari. Sasa katika solfa kimya hakina alama; unaacha nafasi. Nikaacha nafasi ya shubiri mbili nzima. Mwalimu wa kwaya alipoibandika ukutani aliniangalia kwa huruma.

"Mathe, hapa umeruka."

"Sijaruka. Hapo ni kimya."

"Kimya ya nini?"

"Ya kungoja."

"Mapigo ngapi?" Nilipomwambia, alishika kichwa. "Arobaini! Mathe, hapo pasta atafunga ibada twende nyumbani!"

Mtu mmoja wa besi, fundi wa mgodini, mwili kama lori, akauliza, "Na sisi tutakuwa tunafanya nini hapo?"

"Mtangoja," akasema Mtunzi.

"Na mikono?"

"Itangoja na yenyewe."

Walifanya zoezi miezi minne. Mwanzoni hawakumaliza hata mapigo sita bila mtu kukohoa, na akikohoa mmoja wanakohoa wote. Kisha kumi. Kisha ishirini. Nilikuwa nikishona huku nikihesabu nao kutoka benchi la nyuma. Jumamosi moja wakamaliza zote arobaini, na yule fundi wa besi akafuta macho akasingizia vumbi. Mtunzi hakuwepo, alikuwa mjini kwa daktari. Tukasema haidhuru, kesho atasikia.

Jumapili kanisa lilijaa. Mtunzi alisimama kando ya dirisha, mkono nyuma ya sikio la kulia, lile lililokuwa bado na maisha. Mpiga kinanda alikuwa ameonywa wiki nzima asiguse kitu. Wimbo ukaanza, na nawaambia, nilisikia sauti yangu ikitoka kwa watu thelathini. Niliketi wima. Nilitaka kumwambia mama aliyekuwa nyuma yangu, huyo anayeuliza ni mimi.

Kisha wakakatika. Kimya.

Lazima niwaeleze malezi yetu, ndipo mnihukumu. Kwetu mtoto akisahau shairi lake mbele ya kanisa, haachwi pale na aibu yake. Mtu mmoja anampigia makofi, wengine wanafuata, wanamwambia asiogope, naye anapata moyo, anaendelea. Nilipigiwa makofi hayo nikiwa na miaka saba, nimeshikilia gauni, nimesahau hata jina langu. Mpaka leo namkumbuka mama aliyeanza. Nikimwona barabarani namwamkia mara mbili.

Basi katika kile kimya watu wakaanza kugeuka. Wakaangaliana. Yule fundi wa besi akameza mate, jasho linamtoka, midomo imekaza. Mama wa nyuma yangu akanong'ona, "Wamesahau, maskini. Wamesahau!" Mimi nilijua hawajasahau. Manila niliandika mimi. Ile nafasi niliipima kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini niliona watu wangu wamesimama mbele ya kanisa wamenyamaza, na mikono yangu haikuniuliza. Ikapiga. Tatu, polepole. Na mdomo ukafuata: "Msiogope! Endeleeni!"

Kanisa zima likanifuata kwa makofi. Mtu akaanzisha pambio. Mpiga kinanda, aliyekuwa ameteswa wiki nzima, akabonyeza mdundo. Kwaya, kwa adabu, ikajiunga. Tuliimba pambio dakika kumi, likawa tamu kweli, na "Nimefika" haikuimbwa kabisa.

Mtunzi alibaki pale dirishani, mkono ungali nyuma ya sikio.

Wiki mbili hakuna aliyeniomba pegi. Nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu ili niwe nje akipita. Siku ya kumi na tano akaja kwenye ua.

"Jirani. Nilipata mapigo kumi na moja."

"Mzee, nisamehe. Tutarudia Jumapili hii. Mwalimu wa kwaya amekubali. Nitakaa nyumbani, nifungiwe kwa kufuli."

"Nimekukasirikia," akasema, kwa upole, kama anayeniambia ni saa ngapi. "Nikimaliza nitakuambia."

Jumapili haikumngoja. Alhamisi asubuhi nilimkuta kwenye ua, kanzu ya kulalia, anatazama upande wangu.

"Jirani, jogoo wako amekufa?"

Jogoo alikuwa amesimama juu ya kayaba, hatua mbili kutoka usoni pake, shingo imenyooka, anawika.

Hata ningejibu asingesikia. Nilimwonyesha kwa kidole, akamtazama yule ndege akifungua na kufunga mdomo, akatikisa kichwa mara kadhaa. Kisha akaniomba pegi.

Tangu siku hiyo tukawa tunamwandikia kwenye daftari, naye anajibu kwa mdomo, kwa sauti kubwa zaidi ya lazima. Aliendelea kuanika karatasi. Alisema masikio yamefunga lakini ghala limejaa. Miezi mitano baadaye, nikiwa namwaga maji ya kuku, alipiga kelele: "Jirani! Nimemaliza!" Nilidhani ni ukurasa. Kumbe ni hasira.

Paris wakauimba wimbo wetu. Yeye hakwenda, alisema kusafiri mbali kwenda kuona midomo ikifunguka ni upuuzi. Dada yangu aliletewa video kwenye simu, akanipigia mayowe kutoka ng'ambo, na mimi, jambo la kuandikwa, nikavuka bonde kwa miguu yangu hadi dukani. Ule ukumbi. Wale watu wa nguo nyeusi. Waliimba Kiswahili chetu kwa ulimi uliolainika, "Umefika? Umefika?" Kisha kimya. Nikaanza kuhesabu. Nane. Tisa. Kumi.

Pigo la kumi na moja, mama mmoja katikati ya wasikilizaji, shingoni ana lulu, akasimama. Akapiga makofi matatu, polepole. Akasema kwa sauti: "Msiogope! Endeleeni!"

Na kwaya ikajibu, "Nimefika."

"Huyo ni mimi!" nikapiga kelele, wateja wakageuka. "Huyo mwenye lulu ni mimi!"

"Wewe?" dada yangu akasema. "Wewe hata Naivasha hujafika."

Nilirudi nikikimbia, nikamwandikia kwenye daftari neno moja: KWA NINI? Alisoma, akavuta miwani chini.

"Siandiki nisichokisikia. Arobaini sikuzisikia. Nilisikia kumi na moja, halafu nikakusikia wewe."

Watu wengine wamewekewa majina yao kwenye barabara. Mimi makofi yangu yamechapishwa Ufaransa, na yanapigwa na watu wenye lulu. Sijui kama kuna mtu wa Kariandusi aliyefika mbali zaidi bila kutoka kwenye kiti. Hata hivyo, kila nilipojisifu, na nilijisifu sana, kuna kitu kilinichoma: mbali na yale makofi kulikuwa na mapigo ishirini na tisa ambayo mzee mwenyewe hakuwahi kuyapata.

Mwezi uliopita miguu yake nayo ilianza kukataa. Mwalimu wa kwaya akasema kama mzee haji kanisani, kwaya itakwenda kwake. Wakaja Jumapili baada ya ibada, na manila yangu ya zamani, imechanika pembe, wakaibana kwenye kayaba kwa pegi zangu nne za mwisho. Mzee tulimtoa nje kwa kiti, blanketi magotini.

"Mathe, wewe ndiye solo leo," mwalimu akaninong'oneza. "Kumi na moja, unapiga. Kama Paris."

"Najua kazi yangu," nikamwambia.

Wakaimba. Mzee alitazama midomo, kidole chake kikipiga polepole juu ya mkono wa kiti, hakikosei hata kidogo. Sauti zikapanda, zikaulizana, zikakatika.

Kimya. Nane, tisa, kumi. Kwaya nzima ikageuza macho kwangu. Yule fundi wa besi akaniinulia nyusi. Mzee naye alikuwa akitazama mikono yangu.

Nikaichukua mikono yangu yote miwili nikaikalia.

Kumi na moja ikapita. Kumi na mbili. Mzee akaniangalia, akashuka na macho hadi pale mikono ilipokuwa imefichwa, akapanda tena. Kisha akafumba macho, kidole kikiendelea. Mgodini hakukuwa na kazi siku hiyo. Upepo ulipita kwenye karatasi za sebuleni, ukapita kwenye kayaba. Punda alipanda barabara, sikujua amebeba mitungi mingapi. Ishirini na tano. Hakuna aliyekohoa. Nikafikiri: katika wimbo mzima, hapa tu ndipo anaposikia sawasawa na sisi. Thelathini na tisa. Arobaini.

Kidole kikatulia. Mwanamke wa kujibu akavuta pumzi, lakini mzee aliinua mikono yake kutoka kwenye blanketi, akapiga makofi matatu, polepole, akinitazama mimi.

"Usiogope, jirani," akasema kwa ile sauti yake kubwa. "Endelea."

Nami, ambaye hata Naivasha sijafika, nikasimama na D yangu, mikono imekufa ganzi, nikajibu:

"Nimefikaaa!"